Macho Wazi Si Kuwa Macho: Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka ya Anga

Kwa wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za Afrika Mashariki. Kwa wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya yetu, CASSOA, ulioko Entebbe. Na kwa wakurugenzi wa mashirika ya ndege pamoja na maofisa wao wa rosta, yaani wanaotupangia zamu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa ndege, mzaliwa wa Mombasa, mama wa watoto wawili. Huu ni mwaka wa 12 nikiruka safari za mbali. Nawaandikia kwa heshima kuhusu uchovu wa wahudumu, na nawaandikia hadharani kwa kuwa milango ya ndani nimeibisha yote.

Nianze na asubuhi moja ya miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa tumetua Ulaya baada ya safari ya usiku kucha. Ndege ikasimama, kengele ya mikanda ikalia, abiria wakainuka wote kwa pamoja kuteremsha mizigo yao. Amri ikatoka kwenye spika: tutenganishe slaidi za milango, kisha tukaguane. Kwa asiyejua, ndege ikiwa safarini kila mlango huwa umeunganishwa na slaidi ya dharura. Ukifunguliwa, slaidi inafumuka na kujaa hewa kwa sekunde chache ili watu wateleze hadi chini. Tukishafika salama tunaitenganisha kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Ukisahau, slaidi inafyatuka kwa nguvu inayoweza kumuua aliyesimama nje.

Nilisema mlango wangu uko tayari. Niliamini hivyo. Nje, kijana wa daraja la abiria aligonga kioo akainua dole gumba, nami nikainua mpini kidogo. Taa ndogo nyeupe ikawaka mlangoni. Niliitazama. Nilijua ni taa, lakini sikujua inaniambia nini. Taa hiyo nimefundishwa, nimeifanyia mtihani kila mwaka, na kwa muda ule ilikuwa kama herufi ya lugha nisiyoisoma. Mwenzangu wa mlango wa pili aliniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, akanishika kifundo cha mkono, akaurudisha mpini chini. Taa hiyo huwaka pale tu mlango unapotaka kufunguliwa huku slaidi ingali imeunganishwa. Yule kijana alikuwa bado anatutabasamia nyuma ya kioo.

Nilikuwa na macho wazi, waheshimiwa, lakini sikuwa macho.

Siku iliyotangulia niliamka saa kumi na mbili asubuhi, kuwaandaa watoto waende shule. Mchana nilijilaza nikafumba macho, usingizi ukakataa. Nikaripoti kazini saa nne usiku. Taa ilipowaka nilikuwa sijalala kwa saa 25, kwa saa za nyumbani. Na hakuna kanuni hata moja iliyokuwa imevunjwa. Zamu yangu ilikuwa halali, mapumziko yangu yalikuwa halali, na rosta ilikuwa imepitishwa na kila aliyepaswa kuipitisha.

Hapo ndipo lilipo ombi langu kwenu. Kinachohesabiwa leo ni saa tunazokuwa nje ya ndege. Tunaomba uhesabiwe usingizi wenyewe.

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid, wakiwa Australia, walichapisha katika jarida la Nature jambo ambalo kila mtu wa zamu za usiku angepaswa kulijua. Mtu aliyekaa bila kulala kwa saa 17 hufanya kazi za mkono na jicho kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama aliye na asilimia 0.10. Madereva wetu tunawapulizisha alkoblo, kile kipima pombe, barabarani usiku. Mhudumu akinusa bia tu kabla ya safari, kazi hana, na ni haki. Lakini huyo huyo akija na saa 20 za kukesha, anakabidhiwa mlango.

Naomba nieleze mwili unavyofanya, kwa sababu nimegundua wengi wanaotupangia ratiba hawajawahi kuelezwa. Mambo mawili humlaza mtu. La kwanza ni deni: kila saa unayokaa macho inaliongeza. La pili ni saa ya mwili, nayo huongozwa na mwanga. Sisi Waswahili tunaihesabu siku tangu macheo. Jua likishachomoza ndipo saa moja. Mwili nao ni Mswahili kwa jambo hilo. Haujali simu imejibadilisha kuwa saa ngapi. Unajua jua lilichomoza wapi jana na juzi. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, takriban saa 15 za kwenda na karibu 14 za kurudi. Anayefika kule ameachana na saa yake kwa saa 7 au 8, kutegemea majira. Mwili hujirekebisha kwa kiasi cha saa moja kwa siku, kwa hiyo ungehitaji wiki. Kabla haujafika popote, tuko njiani kurudi, tena kuelekea mashariki, ambako ndiko kugumu zaidi, kwani mwili huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Safari za kwenda Ulaya zina shida nyingine. Huko tofauti ya saa ni ndogo. Kinachotuumiza ni usiku wenyewe. Kanuni za Ulaya zimekitenga kabisa kipindi cha kuanzia saa nane usiku hadi dakika moja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kuwa ndipo mwili unapokuwa chini kabisa, na zinapunguza urefu wa zamu inayokigusa. Sisi wa pwani hatukuhitaji maabara kulijua hilo. Kila alfajiri mwadhini huongeza neno ambalo halimo katika adhana za mchana, kwamba sala ni bora kuliko usingizi, maana anajua anashindana na nini. Saa hizo hizo ndizo tunazogawa kifungua kinywa, tunazokagua mikanda, tunazojiandaa kutua.

Sasa nije kwenye mapumziko, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo tunapoibiwa bila mwizi kuonekana.

Katika safari moja niliandika kila kitu daftarini. Ndege iliegeshwa saa moja asubuhi. Kwa hesabu ya ofisi, mapumziko yalianza saa moja na nusu. Wakati huo tulikuwa bado kwenye foleni ya pasipoti. Tukangoja mizigo, tukangoja basi, basi likakwama kwenye msongamano wa asubuhi. Saa tatu na robo tukafika hotelini. Vyumba havikuwa tayari. Tulivipata saa nne kasoro robo. Nikaoga, nikala ndizi na mkate niliobeba, nikapiga simu nyumbani kuuliza homa ya mtoto. Saa nne na nusu nikapanda kitandani. Nilikunja taulo nikaziba mwanga uliopita chini ya mlango. Nje wasafishaji walikuwa wakiburuta mashine zao, na mmoja wao alibisha mara mbili, ingawa kadi ya kuomba utulivu ilikuwa imening'inia. Simu ya kuamshwa ilipangwa saa kumi na moja kasoro robo jioni, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili ili turipoti saa moja na nusu usiku.

Kwenye karatasi hizo ni saa 12 za mapumziko. Kitandani zilikuwa saa 6 na dakika 15, mchana kweupe, na nilizolala hazikufika 4. Kisha nikaruka usiku wa pili.

Kanuni za Ulaya, zilizoanza kutumika Februari 2016, zinasema mapumziko ya nje ya kituo yasipungue saa 10 au urefu wa zamu iliyotangulia, lolote lililo kubwa, na ndani yake iwemo nafasi ya kulala saa 8. Neno lenye uzito kwangu ni hilo la nafasi ya kulala saa 8. Mtu aliyeliandika alijua kuna basi, foleni na kuoga. Liandikeni hilo na huku kwetu, kisha mkague kama linatekelezwa, kwa kutazama saa ambayo mhudumu alipewa ufunguo wa chumba. Hoteli zote zina rekodi hiyo.

Wala msidhani kurefusha mapumziko peke yake kunatosha. Saa 24 hotelini baada ya safari ya usiku zinaweza kutuumiza zaidi. Unafika asubuhi, unalala kwa kuzidiwa, unaamka alasiri, usiku wa watu wa pale unakodoa dari, na wakati wa kuripoti ukifika ndipo mwili unaanza kudai kulala. Anayepanga rosta kwa kujumlisha saa tu hawezi kuliona hilo. Anayepanga kwa kuuliza huyu mtu atalala lini, ataliona.

Ndani ya ndege za safari ndefu tuna vitanda. Watu wengi hawajui kwamba juu ya dari, nyuma kabisa, kuna chumba kidogo chenye vitanda vya kubanana, unakipandia ngazi nyembamba, unalala na mkanda umefungwa. Tunavishukuru. Lakini tunalala kwa zamu mbili. Wa zamu ya kwanza wanapandishwa wakati bado wana joto la kazi na kelele za huduma masikioni. Wa zamu ya pili wanapanda wakiwa wamechoka mno, na wanaamshwa kutoka usingizi mzito moja kwa moja kwenda kusukuma toroli. Anayeamshwa hivyo anahitaji angalau robo saa ili akili irudi. Robo saa hiyo haimo katika ratiba ya mtu yeyote. Iwekeni.

Najua wapo wanaosema mhudumu kazi yake ni chai na tabasamu, uchovu wake utamwaga kahawa tu. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani wakati ikitua. Watu 5 kati ya 6 wa ile ndogo walifariki. Ndani ya ile kubwa, iliyokuwa inawaka moto, walikuwemo abiria 367 na wafanyakazi 12. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Walitazama nje ya madirisha, wakaamua kwamba kati ya milango 8 ni 3 tu iliyo salama, wakawazuia watu kwenye iliyobaki. Wote 379 walitoka hai.

Ndege ile ilikuwa imetoka Sapporo, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa kwenye kiti changu cha kukunja kando ya mlango, tunaposhuka alfajiri. Kuchagua mlango wenye moto na usio na moto ndiyo kazi yangu hasa. Chai ni ya kupitisha muda kati ya siku kama hiyo na nyingine, na tunaomba isije. Ndege kubwa haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Hesabu hiyo ilifanywa na wahudumu waliolala.

Wenzetu wa Marekani wametuonyesha jinsi mhudumu anavyoachwa nyuma. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, na uchovu wa marubani ukawa sehemu ya mjadala mkubwa. Kanuni mpya za mapumziko ya marubani zikaanza kutumika Januari 2014. Wahudumu wa ndege hizo hizo wakabaki na saa 9 zilizoweza kupunguzwa hadi 8. Mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo liliagiza wapewe saa 10 zisizopunguzwa, na likatoa siku 30 agizo litekelezwe. Kanuni ilitoka Oktoba 2022. Siku 30 ziligeuka miaka 4. Sitaki watoto wa wenzangu wahesabu miaka hiyo hapa kwetu, wala sitaki tungoje ajali ili tupate kusikilizwa.

Na msingi wa kisheria mnao tayari. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaitaka kila nchi iwe na kanuni za uchovu zilizojengwa juu ya sayansi, na kinawataja wahudumu pamoja na marubani. Tangu 2011 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imeruhusu pia mfumo kamili wa kusimamia uchovu, ambapo shirika halihesabu saa tu bali linakusanya taarifa, linapima na kurekebisha. Ni mfumo mzuri. Chakula chake ni ripoti za watu waliochoka. Pasipo ripoti, ni makabrasha kabatini.

Nami sikuripoti ile asubuhi ya taa nyeupe. Naomba mlisikie hili kwa utulivu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Wiki chache kabla yake, mwenzangu mmoja alijaza fomu ya uchovu. Aliandika ukweli: amefanya safari tatu za usiku ndani ya siku saba, anasinzia akiwa amesimama. Aliitwa ofisini. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Ulikuwa unafanya nini wakati wako wa mapumziko?" La pili lilikuwa kama kazi hii anaiweza. Ile safari aliyoondolewa ilihesabiwa kama ugonjwa, ikaingia kwenye tathmini yake ya mwaka, na posho ya safari hiyo akaikosa. Posho kwetu ni karo na kodi ya nyumba. Baada ya hapo, katika kundi letu, sikumsikia mtu akijaza fomu ile tena. Shirika lile silitaji, na sina haja ya kulitaja. Nimezungumza na dada na kaka zetu wanaoruka Ghuba, nimezungumza na wa hapa nyumbani, na kisa ni kimoja chenye sauti mbalimbali. Kisha mwishoni mwa mwaka ripoti zinakuwa chache, na mkaguzi anaambiwa kwamba uchovu si tatizo.

Rubani akiandika kwamba taa fulani ya injini imewaka, hakuna anayemuuliza alikuwa anaiangalia kwa nini. Anashukuriwa, fundi anaitwa. Mhudumu anayesema nimechoka ametoa taarifa ya hitilafu kama ile ile. Tunaomba fomu ya uchovu itengwe na likizo ya ugonjwa, isiguse tathmini wala posho, na kila aliyeandika apewe jibu la maandishi la nini kimebadilika. Tunaomba kamati za uchovu ziwe na mhudumu anayeruka, aliyechaguliwa na wahudumu wenzake. Mara nyingi wanaokaa mle ni marubani na watu wa ofisi. Na ninyi wa mamlaka, mnapokagua shirika lenye wahudumu mamia na ripoti mbili za uchovu kwa mwaka, msiandike "safi". Ulizeni kwa nini watu wamenyamaza.

Jambo la simu nitalisema kwa ufupi: mtu akiwa mapumzikoni asipigiwe na ofisi ya rosta. Simu moja ya kuuliza kama unaweza kubadilishana safari inauvunja usingizi ambao haurudi. Kubadilisha rosta kunaweza kungoja aamke.

Lililobaki ni la barabarani. Wengi wetu tunaishi mbali na uwanja wa ndege kwa sababu ya kodi. Tukishuka asubuhi tunaendesha magari yetu wenyewe, au tunapanda matatu na mabegi. Mwenzangu mmoja alishtuliwa na honi ya lori kwenye Barabara ya Mombasa, karibu na Syokimau. Alikuwa amelala na mguu uko kwenye breki, na hajui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alinusurika. Huyu ndiye aliyenishika mkono siku ya taa nyeupe. Gari la kuwarudisha wahudumu nyumbani baada ya safari ya usiku, au chumba cha kulala kwa saa mbili pale pale uwanjani kabla ya kuendesha, si anasa. Gharama yake shirika likiiweka kando ya gharama ya slaidi moja iliyofyatuka bure na ndege iliyozuiwa kuondoka siku nzima, litaona lenyewe.

Shirika la Afya Duniani, kupitia kituo chake cha utafiti wa saratani kilichoko Lyon, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na likalirudia hilo mwaka 2019. Sisi tumeichagua kazi hii na tunaipenda. Mimi naipenda mpaka leo. Ninapowaona wazee wetu wakipanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kuhiji, wakinishika mkono na kuniuliza, "Mwanangu, tutafika?", najua kwa nini niko hapa. Nataka nikiwajibu niwe macho.

Waheshimiwa, siombi kikao wala chai ya hotelini. Ndege za usiku kutoka Ulaya na Asia hutua hapa asubuhi. Tumeni mtu asimame wahudumu wanapotokea, bila kulitaarifu shirika lolote, siku saba mfululizo. Awe na karatasi isiyoandikwa jina la mtu, yenye maswali matatu: mara ya mwisho ulilala lini, ulilala kwa muda wa saa ngapi, na ungethubutu kuyaandika haya kwenye fomu ya kazini kwako? Kisha yachapisheni majibu yote jinsi yalivyo.

Wenu kwa heshima,

Mhudumu wa ndege za masafa marefu
Nairobi